Aliyeshika Mkia wa Msafara

Jumatatu, 13 Julai
Asubuhi ukungu mzito mpaka saa mbili, kisha jua lisilo na joto. Upepo hakuna.

Mpendwa Dada,

Mume wako yu hai. Nimeliandika hilo mwanzo kabisa ili usiruke mistari kulitafuta. Sasa naomba unipe nafasi nikusalimu, maana bila salamu barua hainiendi.

Nyumbani tulipoondoka Alhamisi wote walikuwa wazima. Goti la Mama limetulia. Paka amezaa ndani ya kabati la vyombo, watoto watatu, na Mama amekataa wasihamishwe, kwa hiyo tunakula kwenye bakuli za plastiki kama wagonjwa. Aliponiona nafunga mfuko wa baiskeli alisema hajawahi kuona mtu mzima mwenye nauli yake akipanda baiskeli siku tisa kwenda kutazama mashamba ya watu wengine. Shemeji akamjibu kwamba ya kwetu hatuna ndiyo maana. Mama alicheka mpaka akashika goti.

Jana kwenye simu nilikuambia ameanguka, amevunjika mtulinga, usije. Yote hayo ni kweli, lakini si yote. Unajua Mama alivyotulea, habari nzito haisemwi kwenye simu kwa sababu aliyeisikia hana pa kuirudia akaisoma tena. Basi isome hapa. Nakuandikia kwenye benchi la kituo cha afya, mlango wa wodi uko mbele yangu, na miguu yake naiona imetoka nje ya shuka.

Jana ilikuwa siku ya nne. Tuliondoka saa moja kamili, watu ishirini na watatu, kilomita themanini na sita mbele yetu, mashamba pande zote. Mahindi kushoto, nyanya kulia, na katikati barabara ya vumbi jekundu lililoshikwa na umande. Kamanda, yule mwalimu mstaafu wa jiografia anayeongoza, alikuwa mbele na filimbi yake. Mimi nilikuwa mkiani kama kawaida. Kazi ya mkia unaijua: mtu asibaki nyuma, na kila kituo nihesabu.

Tunahesabu baiskeli, hatuhesabu watu. Ni kanuni niliyoiweka mwenyewe mwaka juzi. Watu wakifika kituoni hutawanyika. Mmoja kaenda msalani, mwingine kanunua matunda, watatu wanapiga picha ng'ombe, hesabu haikai. Baiskeli hulazwa chini ikatulia. Nilijisifu nayo hata kazini. Mtu anayejua idadi ya chupa zote za maabara ya shule, nilisema, atashindwa na baiskeli ishirini na tatu?

Chini ya teremko refu, kwenye njia panda, bwana mifugo wa eneo lile alikuwa anangoja na baiskeli yake. Alikuwa anaelekea tunakoelekea sisi. Kamanda, kwa mzaha wake, akamvalisha fulana ya njano ya akiba akamwambia leo wewe ni wetu. Tulimpigia makofi. Saa nne na dakika tano tukafika kituo cha kukusanyia maziwa, nikahesabu, zikawa ishirini na tatu. Niliandika kwenye daftari, 23, nikaizungushia duara.

Mbele kidogo bwana mifugo alivua fulana, akashukuru, akakata kona. Sikufikiria chochote, Dada. Nilimpungia mkono.

Saa sita kasoro robo tukapumzika kwenye shule moja yenye bomba. Nikahesabu ishirini na mbili. Nikahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kamanda akaniuliza kama jua limenipiga. Tukaita watu kwa namba zao, kila mmoja akaitika kutoka alipokaa, na ilipofika kumi na saba hakuna aliyeitika. Wawili wakacheka, kwa sababu kumi na saba ni mume wako, na msafarani wanamwita Dakika Mbili, maana kila tukitaka kuondoka yeye huomba dakika mbili. Wakasema yuko msalani. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini. Nilihisi kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta hakuna ukuta.

Tulirudi kilomita kumi na tisa. Tulimkuta kwenye mtaro wa kumwagilia, kando ya teremko, kabla ya ile njia panda, baiskeli imeingia kwenye mahindi haionekani. Mwanamke mmoja mvuna nyanya alikuwa amekaa ndani ya maji mpaka kiunoni, kichwa cha Shemeji kimelala kifuani mwake. Alimwona saa tano alipovuka mtaro kufuata ndoo, kichwa kimeegemea ukingo wa tope kinaanza kuteleza. Aliogopa kumvuta asije akamvunja zaidi, na akiondoka kuita watu kichwa kitazama. Akakaa. Kwa muda wa saa mbili na nusu. Alipotuona hakupiga kelele. Alisema, "Mmechelewa. Nimemwimbia mpaka nyimbo zimeniishia." Kisha akatutazama na fulana zetu za njano zinazofanana, akauliza, "Ninyi mko wangapi hata mmoja asionekane amekosekana?"

Tuliingia majini kumbeba. Saa ya mteja aliyoitengeneza Shemeji akaivaa mkononi ili aipime mwendo ilikuwa inatembea, naisikia tik tik, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Daktari wa hapa ameniuliza mara mbili: je, aliwahi kuanguka au kupoteza fahamu kabla ya jana? Nikasema sijui, ila mke wake ni muuguzi, atajua. Nijibu hilo. Yeye mwenyewe anasema hapana, lakini pia anasema jana ilikuwa Jumanne.

Uliniandikia mwezi wa sita nimweke katikati ya msafara, asikae nyuma peke yake. Nikacheka nikasema wake wote wako hivyo. Nisamehe kicheko kile.

Jana nililala saa kumi kasoro dakika tano alfajiri.

Mdogo wako

*

Jumatano, 29 Julai

Mdogo wangu,

Barua imefika jana. Niliisoma nimesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, mpaka mwenzangu wa zamu akaniuliza kama nimefiwa.

Hapa tuko salama. Wodi yangu ya watoto wachanga imejaa, jana usiku tulikuwa na pacha mara tatu, na msimamizi wetu mpya ana sauti ya king'ora lakini roho nzuri. Chumba ninachoishi kimepakwa rangi upya, bluu ya ajabu, nalala kama samaki. Mwambie Mama paka wabaki kabatini, ni kabati lake.

Nakushukuru kwa kukaa naye. Nakushukuru kwa kunieleza kwa mpangilio, kama ulivyo siku zote. Msimlaumu Kamanda kwa ile fulana, hakujua. Na huyo mama wa nyanya, mtafuteni mumpe mkono kwa niaba yangu. Nimemwota.

Mtulinga ukiunga vibaya huuma kila baridi. Asinyanyue chochote wiki sita, hata birika la kawaida la chai. Anywe maji. Alale kwa wakati, hili ulisimamie hasa, asikeshe na saa za watu.

Kuna jambo moja silielewi na nimelisoma mara nne. Ulikuwa mkiani. Mkia hauna mtu nyuma yake. Sasa yeye alifikaje nyuma yako?

Ruhusa haitoki mpaka mwezi wa kumi na mbili. Nimeomba, wamekataa, nimeomba tena.

Dada yako

*

Jumatatu, 10 Agosti
Asubuhi kweupe, baridi kidogo, upepo wa wastani unaorusha majani ya uani.

Mpendwa Dada,

Mama mzima, anakusalimu sana. Sasa anajua kila kitu. Siku ile ile jioni akaniambia nimletee ile baiskeli yangu. Nikamletea. Akaifuta matope kwa kitambaa cha jikoni, mpaka vyuma vya gurudumu, kimoja kimoja, akaenda kulala. Mpaka leo sijui alimaanisha nini, na siulizi.

Watoto wa paka wamefumbua macho.

Shemeji yuko nyumbani kwetu tangu tarehe ishirini na mbili. Mkono umefungwa kifuani. Amegundua anaweza kufungua saa kwa mkono mmoja akiibana kwa meno ya koleo, kwa hiyo tumeshindwa naye. Wateja wanakuja wanamkuta amekaa chumba cha mbele kama mfalme, wanamuuliza baiskeli ilimtupaje, naye kila mmoja anamsimulia vingine. Fundi viatu wa jirani ameambiwa ni ng'ombe. Mchungaji ameambiwa ni nyoka.

Kuhusu ulichouliza. Mahindi yalikuwa marefu pande zote na barabara ina kona. Huenda alisimama kujisaidia nikampita bila kumwona. Ndivyo ninavyodhani.

Dada, hukunijibu kuhusu swali la daktari. Nimeisoma barua yako yote, nyuma na mbele, hata ndani ya bahasha nimeangalia. Umeandika juu ya rangi ya chumba.

Nakuuliza tena kwa sababu ya lililotokea juzi Jumamosi. Saa nne na dakika ishirini asubuhi nilisikia kitu kimeanguka chumba cha mbele. Nilidhani ni kopo la skrubu. Nilipoingia nilimkuta sakafuni kati ya meza na ukuta, macho yamegeuka, mwili wote unapiga, na skrubu zile ndogo zimemzunguka kama mchele. Mama aliniambia nisimshike, nimwekee mto tu na nimgeuze ubavu. Sijui Mama alijifunza wapi. Ilichukua dakika tatu. Nilihesabu, maana ndilo pekee ninalojua kufanya. Alipozinduka aliuliza nani kamwaga skrubu.

Mimi sikuzioa saa zake wala siri zake, lakini yuko chini ya paa letu. Kama unajua kitu, kiseme. Daktari wa hapa mjini amempa dawa za maumivu tu kwa sababu hana kingine cha kuandika kwenye faili.

Nililala saa saba na nusu. Nilikuwa naamka kila mara kusikiliza anavyopumua.

Mdogo wako

*

Jumatano, 2 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa mfukoni mwa sare yangu ya kazi siku tisa. Imefuliwa mara moja. Lakini kabla ya kuanza kukuandikia hii, leo asubuhi nimempigia daktari wenu nikamweleza yote, kwa sababu barua itakuchukua wiki mbili na yeye hawezi kungoja. Ukiisoma hii, dawa zake zitakuwa zimeshabadilishwa. Sasa nakueleza wewe.

Ni kifafa. Nimekijua tangu mwezi wa kwanza, nilipokuwa likizo. Mara ya kwanza ilikuwa chumbani, alikuwa anavaa soksi. Mara ya pili bafuni. Mama aliiona ya pili. Sasa unajua alijifunza wapi. Nilimwomba anyamaze naye akanyamaza, na najua ilivyomgharimu, kwa hiyo usimwambie neno.

Mimi ninayewafundisha wazazi wa watu kwamba hili ni gonjwa kama magonjwa mengine, lina dawa, halina aibu, mimi huyo nilikaa kitandani nikamwapia mume wangu sitamwambia mtu. Alisema wateja hawataleta saa kwa mtu anayeanguka. Alisema wataogopa hata kumpa mkono. Nikamwambia basi acha baiskeli. Akaniambia, "Ukiniondolea baiskeli utakuwa umeniacha na muda wa watu wengine tu." Nikashindwa. Nilikuwa naondoka baada ya siku nne, sikutaka tuagane kwa ugomvi.

Nilikuwa namtumia vidonge kwenye bahasha, nimeandika juu ni vitamini. Nimemuuliza kwa simu jana. Amekiri kwamba safarini hakuvinywa, kwa sababu vinamletea usingizi na hakutaka kulala juu ya baiskeli.

Kwa hiyo nikakuandikia wewe umweke katikati, bila kukwambia kwa nini. Nilikupa mzigo nikakuficha uzito wake. Nilijiambia wewe ni mtu wa kanuni, ukiambiwa katikati utamweka katikati. Kosa ni langu. Nimelisema hapa ili ulisome tena kila utakapoanza kujilaumu kwa hesabu ya baiskeli.

Lakini sitakuuliza tena lile swali langu. Jibu lako nimelisoma. Mtu anayeandika saa na dakika za kila kitu ameniandikia "huenda".

Dada yako

*

Jumapili, 20 Septemba
Asubuhi mvua ndogo, kisha ikakatika. Uani kunanuka udongo.

Mpendwa Dada,

Mama mzima. Shemeji mzima, dawa mpya wiki ya tatu, hajaanguka. Paka wawili wamepata wenyewe, mmoja Mama amekataa kumtoa na amempa jina la ukoo.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma kwenye stoo ya shule, nimekaa juu ya boksi la chaki, mlango nimeufunga kwa ndani. Nilibaki nimeishika mpaka kengele ya mwisho ikalia. Mama alijua. Wewe ulijua. Mwenyewe alijua. Nyumba nzima ilijua isipokuwa mtu aliyepewa kazi ya kumwangalia. Nilitaka kukuandikia maneno makali, na nimeyaandika, yako kwenye shajara yangu ya tarehe kumi na saba, kurasa mbili. Yatabaki humo. Nikishakueleza hili utaona kwa nini sina haki ya kuyatuma.

Sikuwa mkiani.

Mwaka wa tatu huu niko nyuma. Nakula vumbi la watu ishirini na wawili, naona migongo, nazijua soksi zao zote. Siku ile tulipofika juu ya teremko, saa tatu na dakika thelathini na tano, bonde lote lilikuwa chini yetu. Mashamba yamekatwa mraba mraba, ya kijani na ya njano, mitaro ya maji inang'aa katikati yake, na barabara imenyooka mpaka chini kabisa. Mbele yangu hakukuwa na mtu ila mume wako. Alikuwa anaenda polepole. Nilimwambia kwa mzaha kwamba ningependa mara moja tu katika maisha yangu niteremke bila mgongo wa mtu mbele yangu. Akageuka akanitazama, akasogea pembeni akanipisha. Akasema, "Nenda, shemeji. Mkia nitaushika mimi. Shuleni ndiyo ilikuwa nafasi yangu."

Nikacheka. Nikaachia breki.

Niliwapita wote, Dada. Nilimpita hata Kamanda, akapuliza filimbi nikampuuza. Machozi yalikuwa yananitoka kwa upepo na nilikuwa naimba. Chini kwenye njia panda nilikaa pembeni nikawaacha wanipite mmoja mmoja ili nirudi nyuma. Hapo ndipo alipokuwepo bwana mifugo na kile kicheko cha fulana. Wa mwisho aliponipita sikuangalia ni nani. Nilikuwa bado nahema kwa furaha. Nikapanda nikawafuata.

Kwa hiyo alipokuwa anaanguka mimi nilikuwa naimba. Nimekuwa nikiliandika hilo kila siku tangu Julai na kulikata. Ulikuwa umeniomba kitu kimoja, asikae nyuma peke yake, na mimi nikamwacha nyuma peke yake kwa sababu nilitaka kuona bonde.

Jana mchana, baada ya dawa, nilimpelekea chai chumba cha mbele nikamweleza vyote viwili, barua yako na teremko langu. Nilifunga mlango wa kuelekea jikoni lakini najua Mama alikuwa nyuma yake. Aliweka koleo chini. Kuhusu barua yako alisema utamkoma mwezi wa kumi na mbili, kisha akafuta miwani kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Amemwandikia fundi viatu karatasi, "Haikuwa ng'ombe, ni kifafa," akaniomba nimpelekee kabla hajabadilisha mawazo. Nilipeleka. Fundi viatu aliisoma, akaikunja, akasema saa yake ya ukutani bado inachelewa, je, ailete leo au kesho.

Niliporudi Shemeji alikuwa bado na ile ya teremko. Hakumbuki chochote cha siku ile. Hakumbuki ukungu, wala kunipisha, wala alichoniambia. Aliniomba nirudie maneno yake jinsi alivyoyasema, nikarudia, na pale pa shuleni akatabasamu, akasema hayo ni yake kweli. Kisha akashika ukingo wa meza kwa mkono ule mzima.

"Sasa, shemeji," akaniuliza, "niliushika?"

Sikuelewa. Akasema, "Mkia. Nilisema nitaushika. Niliushika?"

Nilifikiria, Dada, kama ninavyofikiria hesabu ya stoo kabla ya kuweka sahihi. Watu ishirini na wawili walifika chini wazima. Yeye alikuwa wa mwisho, na nyuma yake barabarani hakukuwa na mtu.

"Uliushika," nikamwambia. "Hakubaki mtu nyuma yako."

Akatikisa kichwa kukubali, akachukua koleo, akaomba dakika mbili amalizie saa iliyokuwa mezani kabla hajanywa chai. Chai ilipoa. Sikumharakisha.

Njoo mwezi wa kumi na mbili. Kabati la vyombo litakuwa wazi.

Jana nililala saa tatu kasoro robo, sikuamka mpaka mvua iliponiamsha.

Mdogo wako